Nafasi Imeshajaa

Kengele ya jioni ilipolia, Firdaus na Mokeira walitoka darasani pamoja kama kawaida yao. Walikuwa wanafunzi wa Gredi ya Saba katika shule moja iliyo ubavuni mwa kilima cha Nyanchwa, na kwa miaka kadhaa sasa walikuwa wakiketi dawati moja. Waliteremka polepole wakikwepa bodaboda zilizokuwa zikipanda mlima kwa kelele, huku wakibishana kuhusu swali la Hisabati lililokuwa limewashinda wote wawili. Penye njia panda waliagana. Mokeira alishika njia ya Kiogoro, ambako wazazi wake walilima ndizi na majani chai kidogo. Firdaus aliendelea hadi mjini Kisii, dukani kwa mama yake.

Duka hilo liliuza vitu vya watoto wachanga: shali, kofia za sufu, nepi, mabeseni ya kuogea na vyandarua vidogo. Mama yake Firdaus aliitwa Ubah, lakini wateja walimwita Mama Zaki, kwa jina la kaka yake Firdaus aliyekuwa akisoma shule ya bweni. Nyumbani, Firdaus alimwita Hooyo, neno la Kisomali la kumwita mama.

Siku hizo Mama Zaki alikuwa amechoka. Emily, msichana aliyemsaidia kwa muda mrefu, alikuwa amehamia Eldoret na mumewe. Tangu aondoke, Mama Zaki alifungua duka peke yake, akauza peke yake, akafagia na kufunga peke yake. Firdaus alipofika jioni alimkuta mama yake amevua viatu, ameketi juu ya furushi la mablanketi, huku wateja wawili wakisubiri.

Mlangoni kulikuwa na bango lililoandikwa: ANAHITAJIKA MSAIDIZI WA DUKA. ULIZA NDANI.

Mwanzoni Mama Zaki alitaka kuandika "anahitajika msichana", kama alivyoona kwenye maduka mengine. Mumewe, Mzee Ahmednoor, alimkataza. Alimwambia kwamba sheria ya nchi hairuhusu mtu kunyimwa kazi kwa sababu tu ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo Mama Zaki aliandika "msaidizi". Hata hivyo, moyoni mwake alikuwa ameshaamua.

"Firdaus," alimwambia bintiye, "wasichana wakija kuuliza kazi, niite. Wakija wavulana, waambie nafasi imeshajaa. Usibishane nao, waambie tu hivyo kwa upole, waende zao."

"Lakini Hooyo, nafasi haijajaa."

"Najua. Sasa unataka nimwambie mtu usoni kwamba simtaki? Hiyo ndiyo njia ya adabu."

Firdaus alifanya alivyoagizwa. Kijana wa kwanza alikuja, akaambiwa, akaondoka. Wa pili alikuja, naye akaambiwa vivyo hivyo. Baada ya hapo maneno yale yalimtoka Firdaus bila shida, kama mtu anayetaja bei ya nepi.

Jumapili moja, Mama Zaki alikuwa nyuma ya duka akiswali. Firdaus alikuwa amesimama kwenye kaunta alipoingia kijana mrefu, mwembamba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Kabla ya kusema lolote, alimpisha mama mmoja aliyekuwa akitoka na mtoto mgongoni, akamshikia mlango mpaka apite.

"Habari ya mchana, dada," alisema. "Nimeona bango lenu. Nimekuja kuuliza kuhusu ile kazi."

"Nafasi imeshajaa," Firdaus alijibu.

Kijana yule aliangalia mlangoni. "Bango bado lipo."

"Tumesahau kulitoa. Mtu alipatikana jana."

Hakuwa ameagizwa kusema habari ya jana. Aliiongeza mwenyewe ili maneno yake yapate nguvu. Kijana alisimama kidogo, kana kwamba alitaka kuuliza jambo jingine. Kisha akasema, "Sawa. Asante," akatoka. Firdaus alimwona akiirudisha bahasha chini ya kwapa na kuvuka barabara bila haraka.

Kesho yake shuleni, Mokeira hakuwa na raha. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye ngazi za darasa, hakutaka kucheza. Firdaus alikaa kando yake.

"Una nini leo?"

"Ni kaka yangu Anyona," Mokeira alisema. "Jana alikuja dukani kwenu."

Firdaus alikumbuka shati jeupe na bahasha ya kaki. Alimjua Anyona kwa jina tu. Mokeira alimtaja mara nyingi, lakini Anyona alikuwa akifanya kazi Nyamira na kulala kwa shangazi yao huko Sironga, kwa hiyo Firdaus hakuwahi kumwona.

"Lile duka alimokuwa akiuza lilifungwa," Mokeira aliendelea. "Mwenye duka alizeeka, akarudi shambani. Tangu hapo anatafuta kazi. Mimi ndiye niliyeona bango lenu nikamwambia. Nilitaka nikuambie umsemee kwa mama yako, akanikataza kabisa. Alisema hataki kupewa kazi kwa sababu ya urafiki wetu. Anataka aonekane anaiweza." Mokeira akachora mstari vumbini kwa kijiti. "Alirudi akasema mmeshapata mtu."

Firdaus aliutazama mstari ule.

"Ni nani mliyempata?" Mokeira aliuliza.

"Msichana mmoja," Firdaus alisema. "Simjui vizuri."

"Ana bahati."

Siku ile masomo ya mchana yalimpita Firdaus bila kusikia kitu. Alikuwa amewadanganya watu wengi asiowajua, na hakuona uzito wowote. Sasa alikuwa amemdanganya Mokeira, tena akimtazama machoni. Jioni walipoachana njia panda, alitamani kumwita arudi. Hakumwita.

Baada ya hapo alianza kumkwepa rafiki yake. Akiulizwa kuhusu duka, aligeuza mazungumzo. Wakitoka shuleni, alijifanya ana haraka. Mokeira aliona mabadiliko hayo lakini hakuuliza sababu. Nyumbani kwao kulikuwa na mambo mengine.

Majirani wa Kiogoro walikuwa wameanza kumsema Anyona. Kijana mkubwa kama yule, walisema, mbona anashinda nyumbani akimsaidia mama yake kupika na kufua? Mwanamume ana mikono, si aende mjengo abebe mawe kama wenzake? Anyona alikuwa na ugonjwa wa pumu tangu utotoni. Vumbi lilimbana kifua, na kila alikokwenda alibeba pampu ya dawa mfukoni. Ndiyo sababu alipenda kazi ya duka. Lakini kila duka alilojaribu mjini, iwe la simu, la dawa au la nguo, alijibiwa kwamba nafasi imejaa. Mwishowe alichoka na maneno ya watu. Alikwenda mahali palipokuwa pakijengwa jumba la kupangisha, akaandikwa kazi ya kukoroga saruji.

Habari hizo Firdaus alizipata baadaye. Alichojua ni kwamba asubuhi moja dawati lao lilikuwa na nafasi tupu. Mokeira hakuja shuleni siku hiyo wala iliyofuata. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Anyona alizidiwa kule mjengo," alisema. "Vumbi la saruji lilimwingia. Pampu ilikuwa kwenye koti lake, na koti aliliacha ghorofa ya chini. Walipomshusha hakuweza hata kuongea. Walimbeba kwa bodaboda hadi hospitali."

"Yuko wapi sasa?" Firdaus aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yuko nyumbani, anaendelea vizuri. Daktari amemkataza kabisa kurudi kule." Mokeira alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Unajua anachosema? Anasema pengine hana bahati ya kazi. Anasema hata kwenu alichelewa siku moja tu."

Kengele ikalia, wakaingia darasani.

Jioni hiyo hakusubiri mteja wa mwisho aondoke vizuri. Baba yake, Mzee Ahmednoor, ambaye aliuza vipuri vya magari mtaa wa pili, alikuwa amekuja kusaidia kufunga duka. Firdaus alisimama katikati ya mabeseni na kusema yote: kijana wa shati jeupe, maswali ya Mokeira, saruji, pampu, hospitali. Alipomaliza alikuwa akilia.

Mama Zaki aliketi. "Pole kwa huyo kijana," alisema. "Lakini mimi sikumpeleka mjengo."

"Hukumpeleka," Mzee Ahmednoor alisema. "Lakini hebu niambie, kwa nini hukutaka hata kumwona?"

"Wewe unajua kwa nini. Umesahau yule mvulana niliyemwandika zamani? Mama ananyonyesha mtoto hapa dukani, yeye anamkodolea macho na kucheka na wenzake mlangoni. Nilipoteza wateja. Na wanawake wanaokuja hapa wengine wamejifungua juzi tu. Wanataka kuuliza mambo yao ya siri. Watamwuliza mwanamume?"

"Yule alikosa adabu," mumewe alisema. "Huyu wa Kiogoro amekukosea nini?"

Mama Zaki alichukua shali iliyokuwa imekunjwa tayari, akaikunjua, akaanza kuikunja tena.

"Firdaus, kuna jambo sijawahi kukusimulia," alisema. "Kabla sijafungua duka hili, nilitafuta kazi kwa tajiri mmoja wa bidhaa za jumla. Nilikuwa na hesabu nzuri sana shuleni. Kijana aliyekuwa mlangoni aliniambia nafasi imejaa. Nilipokuwa nikiondoka, nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba mdosi wao hataki wanawake, eti watazaa na kuomba ruhusa kila siku. Nililia kutoka pale mpaka nyumbani. Niliapa kwamba nikipata duka langu, sitamtendea mtu hivyo." Aliweka shali mezani. "Na ona, nimekuweka wewe mlangoni."

Nje, mwuza ndizi alikuwa akipakia mikungu iliyobaki kwenye mkokoteni.

"Jumapili tutakwenda Kiogoro," Mama Zaki alisema.

Walikwenda asubuhi. Nyumba ya wazazi wa Mokeira ilikuwa juu ya kiteremko, imezungukwa na migomba, na nyuma yake kulikuwa na kipande cha majani chai. Mama yake Mokeira, aliyeitwa kwa heshima Mama Kemuma, aliwapokea kwa mikono miwili na kuwaketisha sebuleni. Alileta chai ya maziwa kabla hata ya kuuliza kilichowaleta. Anyona alitoka chumbani akiwa amejifunga sweta. Alimtambua Firdaus papo hapo, akatabasamu.

"Kumbe wewe ndiye Firdaus," alisema. "Nilidhani tu, sikuwa na hakika."

Tabasamu lile lilimwumiza Firdaus kuliko kama angekaripiwa. Mama yake alimtazama, naye Firdaus akajua ni zamu yake kuanza.

"Kaka Anyona, siku ile nilikudanganya," alisema. "Nafasi haikuwa imejaa. Mpaka leo haijajaa. Na wewe Mokeira nilikudanganya. Hakukuwa na msichana yeyote."

Mokeira, aliyekuwa akimimina chai, aliiweka chupa chini. Alimwangalia rafiki yake kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akatoka nje.

"Mtoto alifuata amri yangu," Mama Zaki alisema. "Kosa ni langu. Nilimwagiza awafukuze wanaume wote, na wewe ukawa mmoja wao. Sikukuita wala sikusoma karatasi zako. Nilikukataa kwa sababu wewe ni mwanamume, nikaona haya kulisema. Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya mama yako."

Anyona aliinamisha kichwa, akikwaruza ukingo wa kikombe kwa ukucha.

"Mama Zaki," alisema mwishowe, "nitakuambia ukweli. Nimekasirika. Lakini pia ni kama mtu amenitua mzigo." Akavuta pumzi. "Kila nilipoambiwa nafasi imejaa, nilirudi nyumbani nikijichunguza. Nilisema labda ni viatu vyangu. Nikaazima viatu. Nikasema labda ni Kiswahili changu, kina lafudhi ya kwetu. Nikaanza kujisemesha peke yangu shambani, nirekebishe. Nikasema labda barua ya yule mzee wa Nyamira haikuandikwa vizuri, nikarudi Nyamira kumsumbua aandike nyingine. Yote hayo hayakuwa na maana. Kama ningeambiwa 'hatutaki mwanamume', ningeumia, lakini ningejua kwamba sina kasoro."

Mama Kemuma alimgusa mwanawe begani. Alikuwa akilia taratibu, bila sauti.

"Huna kasoro," Mama Zaki alisema.

"Sasa umekuja kunipa kazi?" Anyona aliuliza. "Kama ni kwa sababu niliugua, Mama Zaki, usinipe. Sitaki ya huruma."

"Sikuja kukupa kazi. Nimekuja kukuita kwenye mahojiano. Kuna msichana mmoja anaitwa Marion atakayekuja Jumatano. Njoo na wewe. Maswali ni yaleyale na majaribio ni yaleyale. Anayefaa zaidi ndiye nitakayemchukua, na asiyepata nitamwambia sababu ya kweli."

Anyona alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Hapo nitakuja."

Firdaus alitoka nje kumtafuta Mokeira. Alimkuta nyuma ya nyumba, amesimama kati ya migomba.

"Nisamehe," Firdaus alisema.

"Nilikuambia kila kitu," Mokeira alisema bila kugeuka. "Nilikuambia mpaka alivyobebwa hadi hospitali. Na wewe ulikuwa unajua."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

Walisimama pale, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka Mama Zaki alipoita waondoke. Mokeira hakumsindikiza rafiki yake hadi barabarani kama ilivyo desturi. Alibaki mlangoni.

Jumatano ilikuwa siku ya likizo fupi ya katikati ya muhula, kwa hiyo Firdaus alikuwepo dukani. Mama Zaki alimwita kila mmoja peke yake nyuma ya duka, akamwuliza maswali. Kisha akawaambia wauze kwa zamu, saa chache kila mmoja, yeye akiwa ameketi pembeni.

Marion alikuwa mchangamfu na mwepesi. Alipanga kofia kwa ukubwa na kwa rangi mpaka rafu ikapendeza. Lakini wateja walipozidi alichanganyikiwa, akampa mmoja bidhaa za mwenzake, naye mama mmoja mzee akachoka kungoja, akaondoka.

Anyona hakuwa na maneno mengi. Mteja akiingia, alimsalimu, akamwuliza umri wa mtoto, akasikiliza. Wateja wakiwa wengi, aliwaambia kwa utaratibu nani anafuata, na kila mmoja alingoja kwa sababu alijua zamu yake itafika. Mama mmoja kijana alipotaka kumnyonyesha mtoto wake aliyekuwa akilia, Anyona alimwelekeza kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya rafu ya mablanketi, akageuka na kuendelea na wengine. Mama Zaki aliliona hilo.

Jioni aliwaita wote wawili.

"Marion, leo nimemchukua mwenzako," alisema. "Sababu ni hii: ameshauza dukani kabla ya hapa, na wateja wakijaa hapotezi utulivu. Wewe hujazoea bado, lakini mikono yako ni mizuri kwa kupanga. Kabla ya sikukuu za Desemba nitahitaji mtu wa pili. Ukitaka, nitakuita."

Marion alisikitika, Firdaus aliona wazi. Hata hivyo alimpa Mama Zaki mkono. "Nitakuja," alisema. "Angalau nimejua cha kujifunza."

Siku za mwanzo hazikuwa rahisi. Wateja wengine walichungulia, wakamwona Anyona kwenye kaunta, wakapitiliza. Ijumaa aliingia Mama Bochaberi, mteja wa siku nyingi ambaye binti yake alikuwa amejifungua wiki hiyo. Alimtazama Anyona kuanzia juu mpaka chini.

"Mama Zaki, msichana wako yuko wapi?" aliuliza. "Nataka kununua vitu vya mzazi. Sasa nitamwambia nini huyu?"

Anyona alirudi nyuma hatua moja. Firdaus, aliyekuwa akikunja nepi, alisubiri kusikia mama yake atasema nini. Zamani angeomba radhi na kumtuma Anyona nyuma ya duka.

"Huyu ndiye msaidizi wangu, anaitwa Anyona," Mama Zaki alisema. "Vitu vya mtoto yeye ndiye anavijua vilipo kuliko mimi sasa. Kama kuna jambo la mzazi ambalo ungependa kumwuliza mwanamke, mimi nipo, nitakuhudumia. Hilo nalielewa. Lakini usimwondoe mtu kazini kwa macho tu, ndugu yangu. Mimi nilifanya hivyo na nimejuta."

Mama Bochaberi aliguna. Alimwuliza Mama Zaki maswali yake kwa kunong'ona, kisha akamgeukia Anyona kwa shingo upande, akaomba beseni na shali. Anyona alimletea. Alimwuliza kama mtoto alizaliwa mdogo au mkubwa, kwa sababu kulikuwa na kofia za aina mbili. Mama Bochaberi alijibu, akaulizwa tena, akajikuta anaeleza jinsi mjukuu wake anavyofanana na marehemu mumewe. Alipoondoka hakumsifu Anyona wala kuomba msamaha. Alisema tu, "Nikikosea ukubwa nitarudi, wewe kijana unibadilishie."

"Karibu sana, mama," Anyona alisema.

Shule zilipofunguliwa, Firdaus aliingia darasani akiwa na wasiwasi. Mokeira alikuwa ameshaketi. Kwa siku kadhaa waliongea mambo ya masomo tu, penseli na rula, kwa adabu ya watu wasiofahamiana. Firdaus hakumlazimisha. Siku moja mwalimu alipouliza ni nani alivunja kioo cha dirisha la darasa, Firdaus alisimama na kusema kwamba ni yeye, mpira ulimponyoka. Aliadhibiwa kwa kufagia uwanja. Alipokuwa akifagia, alisikia ufagio mwingine ukikwaruza upande wa pili. Alikuwa Mokeira.

"Ungesema ni upepo," Mokeira alisema.

"Nimechoka kusema yasiyokuwepo," Firdaus alijibu.

Wakafagia mpaka wakakutana katikati. Jioni hiyo Mokeira hakushika njia ya Kiogoro. Alifuatana na Firdaus hadi dukani, ili arudi nyumbani na kaka yake.

Walimkuta Anyona juu ya ngazi akipanga vyandarua, amejifunga kitambaa safi puani kwa sababu ya vumbi la rafu za juu. Mama Zaki ndiye aliyemsisitizia akifunge. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti, viatu vyake miguuni, akinywa chai bila haraka.

"Njooni mkae," aliwaambia wasichana wale, akawamiminia chai. "Nataka niwaambie jambo mkiwa wawili, kwa sababu iko siku nanyi mtakuwa wakubwa na mtaandika watu kazi. Mtu akija kutafuta kazi, mpimeni kwa ile kazi. Msimpime kwa kuwa ni mwanamume au mwanamke, wala kwa kabila lake, wala kwa dini yake. Na akikosa, mwambieni kwa nini amekosa. Ukimficha sababu, unamwacha akijilaumu kwa kosa ambalo si lake."

Mokeira alizungusha kikombe mikononi, akifikiri.

"Na kama sababu yenyewe inamtia aibu anayeisema?" aliuliza.

Mama Zaki alimtazama Anyona kule juu ya ngazi, kisha akamrudia msichana.

"Basi, mwanangu," alisema, "hiyo haikuwa sababu ya kumnyima mtu kazi."